Gari linakunywa maji: mwongozo kamili wa kutafuta yanakopotelea

Ukitokea Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, mlima Kitonga haumwonei haya mtu. Siku Toyota IST yangu ilipopimwa pale, taa nyekundu ya joto iliwaka kona ya tatu, nyuma ya lori lililokuwa linapanda kwa gia ya kwanza. Maji nilikuwa nimeongeza asubuhi hiyo hiyo Morogoro. Nilikuwa nimeongeza pia wiki iliyotangulia, na wiki iliyokuwa kabla yake, nusu lita kila mara, na kila mara nikajiambia ni jua tu la Dar. Gereji moja ilikuwa imeshanibadilishia themostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) na kunihakikishia kwamba tatizo limekwisha. Themostati ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Kosa langu lilikuwa kununua kifaa kabla sijajua maji yanakwenda wapi. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji (nikisema maji humu nina maana ya kulanti pia, ile dawa ya rangi ya kupozea injini) yanazunguka kati ya bloku, silinda hedi (kipande cha chuma kinachofunika bloku kwa juu), rejeta na hita. Yakipanuka kwa joto yanasukumwa kwenye rizeva, lile tangi dogo la akiba, injini ikipoa yanavutwa kurudi. Hayaishi kwa kutumika kama petroli. Rizeva inaweza kupoteza kidogo sana kwa miezi kadhaa, basi. Nusu lita kwa wiki ni uvujaji, na uvujaji una njia kuu tatu: nje ya injini, ndani ya kebini kupitia hita, au ndani ya injini yenyewe. Kazi yote inayofuata ni kujua ni njia ipi.

Hatua ya kwanza: pale barabarani

Taa ikiwaka au mshale ukipanda, zima AC, kisha fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni yake kwa nguvu zote, hata kama nje mnaiva. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Halafu weka mkono kwenye tundu la hewa. Ikitoka hewa ya moto kweli, maji bado yapo na yanazunguka, una muda wa kutafuta mahali salama pa kusimama. Ikitoka ya baridi huku taa nyekundu inawaka, maji yameshuka chini ya kiwango cha hita au hewa imekata mzunguko. Hapo usijidai kumalizia kona. Egesha, zima.

Usiamini mshale ulioshuka ghafla. Sensa ya joto hupima maji, haipimi chuma. Maji yakishuka chini yake hubaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, na geji inaweza kurudi katikati huku silinda hedi inaungua. Nimewahi kumsikia dereva akishukuru kwamba gari "limepoa lenyewe". Halikuwa limepoa. Lilikuwa limekauka.

IST, Vitz na ndugu zao wengi hazina hata mshale. Zina taa ya bluu kwa ubaridi na nyekundu kwa hatari, na katikati ya hizo mbili hujui kitu. Kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia chini ya dashibodi, kinachoonyesha namba kwenye simu, ni fedha iliyotumika vizuri. Injini nyingi ndogo za Toyota hutulia kati ya nyuzi 85 na 95. Ukiona 105 inaelekea juu, una nafasi ya kusimama kabla taa haijawaka.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyo ndani yana joto zaidi ya nyuzi 100 na yanazuiwa kuchemka na presha tu. Ukifungua, yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri dakika 45 angalau. Minya hozi ya juu ya rejeta kwa kitambaa: ikiwa bado ngumu kama tairi ya baiskeli, ngoja zaidi. Wala usimwagie injini maji ya baridi. Chuma chenye joto la namna ile hupinda au kupasuka.

Ikishapoa, jaza polepole na uhesabu chupa. Hiyo hesabu wengi huipuuza, kumbe ndiyo kipimo chako cha kwanza. Mfumo wa IST unachukua karibu lita 5. Zikiingia lita 3 ujue umekuwa unaendesha na chini ya nusu.

Hatua ya pili: asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa

Fungua mfuniko wa rejeta kabla hujawasha. Maji yanatakiwa yafike shingoni. Kisha tazama rizeva: yawe kati ya alama za LOW na FULL. Hali za hivi viwili kwa pamoja zinasema mengi.

Rejeta imepungua lakini rizeva imejaa: maji yanatoka kwenda kwenye rizeva ila hayarudi. Tazama kwanza valvu ndogo iliyo katikati ya mfuniko. Raba yake hukauka au kuganda. Kisha mpira mwembamba unaokwenda rizeva, kama una ufa au haufiki chini. Ni ugonjwa wa bei ndogo, na watu wamewahi kufungua injini kwa ajili yake. Vyote viwili vimepungua: uvujaji wa kweli. Rizeva inazidi kupanda kila siku mpaka inamwaga: ama mfuniko haubani, ama kuna gesi inayosukuma maji kutoka ndani ya injini, na hili nitalirudia. Vyote vimejaa na gari bado linachemsha: huo si upotevu wa maji. Kaangalie feni, rejeta iliyoziba, themostati na wotapampu (pampu inayozungusha maji).

Chovya kidole. Kutu ina maana mtu alikuwa anaongeza maji ya bomba miaka yote. Mafuta yanayoelea, au uji wa rangi ya waridi kwenye gari la otomatiki, ni habari mbaya zaidi. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta, na ukuta ukitoboka vitu hivyo viwili huchanganyika. Usiliendeshe tena mpaka rejeta itoke, kwa sababu giaboksi likinywa maji utatamani ingekuwa injini.

Sasa jaza mpaka shingoni, weka rizeva sawa, chora mstari kwa kalamu ya maka kwenye rizeva, andika tarehe na kilomita. Futa hozi zote na viungo vyake kwa kitambaa. Bila kuanza na pakavu, unyevu wa kesho haukuambii kitu.

Hatua ya tatu: tafuta kwa macho

Tandika katoni chini ya injini usiku. Asubuhi tone litakuonyesha upande, ingawa si lazima liwe chini ya tundu lenyewe. Maji hufuata bati na kudondokea pengine. Tone safi lisilo na rangi wala utelezi, upande wa abiria, baada ya kutumia AC, ni maji ya AC tu. Kulanti ina rangi, inateleza vidoleni na ina harufu tamu. Utamu huo ni sumu: watoto na mbwa wasiifikie, na usiionje kwa ulimi kama wanavyofanya mafundi wengine.

Katoni ikibaki kavu usishangilie. Uvujaji mwingi hutokea gari likiwa la moto tu, na maji yanakauka juu ya chuma kabla hayajadondoka. Yanachoacha ni chumvi: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi, kulingana na kulanti uliyotumia. Huo ukoko ndio unaoutafuta kwa tochi.

Anzia kwenye rejeta. Rejeta za sasa zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki, vimebanwa pamoja kwa meno ya bati juu ya raba. Plastiki ikikaa kwenye joto miaka kumi na zaidi hubadilika kutoka nyeusi kuwa kahawia na kuwa rahisi kupasuka. Ufa wangu ulikuwa hapo, tangi la juu, karibu na mdomo wa hozi, mwembamba kama unywele. Injini ikiwa baridi haukuonekana. Mlimani, presha ikipanda, ulifunguka na kupuliza mvuke kwenye feni, na feni ikaupeperusha. Ndiyo maana katoni yangu ilikuwa kavu wiki tatu.

Kisha hozi. Zikunje kwa mkono zikiwa baridi, tazama nyufa, uvimbe na sehemu zilizolainika kwa oili. Tazama hasa chini ya klipu. Hozi ya hita, ile inayopenya ukuta wa bati kuingia kwenye kebini, husahaulika kwa sababu imejificha nyuma ya injini.

Wotapampu ina tundu dogo chini ya mhimili wake, limewekwa makusudi: sili ikifa, maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Ukoko kwenye tundu hilo, au mchirizi ulionyunyizwa na mkanda kuzunguka pampu, ni hukumu. Shika puli uitikise. Ikicheza, pampu imekwisha. Usizibe tundu hilo. Nimekuta limezibwa kwa gundi.

Hita yenyewe huvujia ndani: zulia la abiria limelowa, kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, kebini inanukia utamu. Pitisha mkono chini ya zulia, si juu yake.

Wenye injini za Toyota za AZ za silinda nne, yaani Noah na Voxy za AZR60, RAV4 za kizazi cha pili na Kluger za 2AZ, wana mahali pa ziada. Bolti za hedi zinashika kwenye meno ya bloku la alumini, na meno ya upande wa nyuma huachia. Hedi inalegea kidogo, maji yanachirizika pale hedi inapokutana na bloku, nyuma, upande ambao hutauona ukisimama mbele ya boneti. Ingiza simu kule nyuma na upige picha kwa taa. Ukikuta ukoko kwenye ule mstari, ujue kubadilisha gasketi (kizibo chembamba kilicho kati ya hedi na bloku) peke yake ni kupoteza fedha. Meno lazima yatengenezwe upya kwa kuwekewa vipande vya chuma vyenye meno, vinginevyo bolti zitaachia tena.

Hatua ya nne: pima kwa presha

Macho yakishindwa, tafuta gereji yenye pampu ya kupimia rejeta. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko. Injini iwe baridi. Soma namba kwenye mfuniko wako, mara nyingi 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita ya mraba, na usipite hapo. Sukuma, kisha mwache fundi akanywe chai dakika 15.

Namba hiyo si pambo. Kwa presha ya 0.9 maji matupu usawa wa bahari hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Njombe, ambako maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94, mfumo usioshika presha unachemka mapema zaidi, na hapo ndipo ufa mdogo uliovumilika Kinondoni unakuwa janga milimani. Mfuniko nao upimwe kwa pampu hiyo hiyo. Ukiwa mchovu, badilisha kwa wenye namba ile ile. Wenye namba kubwa zaidi hautengenezi kitu, unatafuta tu hozi dhaifu na kuipasua.

Mshale ukishuka, sikiliza na umulike. Mahali panapotoa maji patajitokeza bila moto wa kukuunguza. Mshale ukishuka na nje pote ni pakavu, zulia nalo ni kavu, tunaingia ndani ya injini.

Hatua ya tano: je, ni gasketi ya hedi?

Hapa ndipo watu wanapouziwa injini kwa hofu, kwa hiyo twende taratibu.

Injini iwe baridi, mfuniko wa rejeta wazi, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyokuwa imenaswa. Mapovu yasiyokwisha, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Dalili nyingine: funga mfuniko, washa injini baridi, na baada ya dakika moja au mbili minya hozi ya juu. Joto halijapata muda wa kujenga presha. Ikiwa imeshakuwa ngumu, kuna kinachosukuma ambacho si joto.

Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, unaoendelea hata injini ikishapata moto, ni maji yanayoungua. Maji yanayodondoka kwenye ekzosi asubuhi na kukoma ni ya kawaida. Gari linalomisi (linalotetemeka kwa sababu silinda moja haichomi) dakika ya kwanza asubuhi kisha likatulia linaweza kuwa na silinda iliyolala na maji: toa plagi zote uzilinganishe. Ile iliyo safi kama imeoshwa kwa mvuke ndiyo ya kushuku.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ni dalili nzito. Lakini utando wa krimu chini ya mfuniko wa oili peke yake, kwenye gari la safari fupi fupi za Njombe au Makambako asubuhi ya baridi, mara nyingi ni mvuke tu ulioganda. Tazama dipstiki kabla hujalia. Na kinyume chake pia: oili safi haikuhakikishii kwamba gasketi ni nzima, kwa sababu gasketi inaweza kuungua kati ya silinda na njia ya maji bila kuigusa oili.

Kipimo kinachokata mzizi wa fitina ni kile cha dawa ya bluu. Kichupa chenye dawa kinawekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inawaka, hewa ya juu ya maji inavutwa ipite ndani yake. Gesi ya ekzosi ikiwemo, dawa ya bluu inageuka njano. Punguza maji kidogo kabla ya kupima ili yasinyonywe na kuharibu dawa. Kama hakuna dawa, pampu ya presha bado inasaidia: sukuma mfumo kwa presha yake, uache saa kadhaa, toa plagi, kisha piga stata ukiwa umesimama pembeni. Silinda inayovuja itapuliza ukungu wa maji.

Likithibitika, hedi ikitolewa dai ipimwe unyoofu kabla ya gasketi mpya kununuliwa. Fundi aweke rula ya chuma juu ya uso wa hedi na apitishe vipimo vyembamba chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota kikomo ni milimita 0.05, chini ya unene wa unywele wa mtu. Ikizidi, hedi iende kwa fundi mashine ikasagwe. Ipimwe nyufa pia. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda hudumu mpaka mlima unaofuata.

Dawa za njiani

Yai bichi, pilipili manga, manjano: vyote nimeona vikitiwa kwenye rejeta, na ndiyo, wakati mwingine huziba. Huziba pia mirija myembamba ya hita na rejeta. Kama uko porini usiku na watoto, fanya unachoweza ufike. Kesho yake uoshe mfumo wote. Dawa za kuziba za dukani zina tabia hiyo hiyo kwa ufungashaji mzuri zaidi.

Kutoa themostati ni desturi nyingine ya gereji zetu. Injini bila themostati hukaa baridi mno barabarani, inakula mafuta na kuchakaa upesi. Na kwenye injini ambazo themostati ndiyo hufunga njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Hatua ya sita: kujaza na kutoa hewa

Ukishatengeneza, tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa usije ukabeba asidi. Ya pinki ya Toyota huja imeshachanganywa, haiongezwi maji. Maji ya kisima cha Dar yana chumvi, yaache kwenye ndoo.

Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita kwenye joto la mwisho, faneli mdomoni mwa rejeta. Jaza, washa, minya hozi ya juu mara kwa mara. Maji yatashuka ghafla themostati ikifunguka, ongeza. Endelea mpaka feni ijiwashe na kujizima mara mbili, mapovu yamekoma na hita inatoa moto usiokatika. Kwenye Noah za zamani (si AZR60) na Hiace, ambazo injini iko chini ya viti na mipira ni mirefu, usiwe na haraka. Hewa inayobaki humo hutoa dalili zote za gasketi iliyoungua, hata rizeva inayomwaga.

Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, rudi kwenye mstari wako wa kalamu. Huwa unashuka kidogo mara ya kwanza, hewa ya mwisho ikitoka, jaza, andika. Baada ya hapo usome kila asubuhi kwa wiki mbili. Wangu, baada ya rejeta mpya, ulishuka upana wa kidole siku ya kwanza. Siku ya kumi na moja nilipanda Kitonga nyuma ya lori jingine, namba kwenye simu ikafika 97 na kurudi 92, na asubuhi Iringa mstari ulikuwa palepale.